Tumuage Sista Taratibu Pamoja na Dozi ya Huruma

Mwaka jana, Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, kati ya mistari ya asubuhi shuleni na saa ya chai, binti yangu alipoteza majina ya vitu. Siku hiyo aliamka akijua kijiko ni kijiko na kitana ni kitana. Alipozinduka siku mbili baadaye, katika hospitali nyingine, kila kitu duniani kilikuwa "kile". Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu kwa sababu mimi ni mtu wa ujenzi, na kwetu msingi huanza, rangi hufuata.

Sasa nisalimie kwa heshima zote.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa bodi. Daktari Mkuu wa hospitali hii, ambaye nitamrudia. Madaktari na wauguzi wa zamu zote, hata mliobadilishana zamu kwa ajili ya keki. Wahudumu wa usafi, madereva wa gari la wagonjwa, na ninyi walinzi wa getini mliofungua geti siku ile kabla sijapiga honi. Mzee wetu mume wa Sista, watoto na wajukuu. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe mwenyewe, Sista Taratibu, uliyekaa kwenye kiti chenye maua huku ukinitazama kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano: hamjambo?

Kwa wasionijua, mimi ndiye Mama Zege. Jina hilo halikutokana na umbo, ingawa naona wengine mnapima kwa macho. Nilianza kwa kubeba karai la udongo kichwani nikiwasaidia mafundi, wakati ambapo mwanamke akionekana kwenye jengo aliulizwa chakula kiko wapi. Leo nina mafundi ishirini na sita, na ngazi mlizopanda kuja ukumbini ni za mkono wangu; kama hazikuyumba, msinishukuru, ishukuruni saruji, maana iliwekwa yote. Shule sikuifikisha mbali. Hesabu nilizijulia kwenye mchanga na kokoto, na huko ukikosea hupewi alama ya kosa, unapewa nyufa.

Mshereheshaji amenipa dakika kumi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, sifa tu." Sifa zipo, tena tele, na nitaanza nazo.

Ni nani katika ukumbi huu hajawahi kuambiwa na mama huyu, "Taratibu, mwanangu, taratibu"? Amewaambia akina mama wanaolia, amewaambia madaktari wanaokimbia, amewaambia wasukuma machela, na nimemsikia kwa masikio yangu akiliambia birika lililokuwa linataka kumwaga maji. Miaka thelathini na minne ya uuguzi, na leo anastaafu. Nani mwingine mmemwona akipasha moto kwa kiganja kile chuma cha kusikilizia kifua, ili kisimshtue mtoto kwa ubaridi? Nani mwingine humwita mtoto kwa jina lake, tena kwa sauti ya kubembeleza, wakati mtoto mwenyewe hasikii? Binti yangu tunamwita Bibi, kwa sababu amerithi jina la mama mzazi wa baba yake. Siku ile Sista alimwita, "Bibi, Bibi mdogo, nipo hapa," muda wote. Mimi mama yake sauti ilikuwa imenikauka. Yeye aliniitia mwanangu.

Basi naomba mjue kwamba ninayoyasema nayasema juu ya mtu ninayempenda.

Bibi ana kifafa tangu akiwa na miaka minne. Tulikizoea, kama watu wanavyomzoea jirani mwenye kelele: vidonge asubuhi na jioni, na mara mojamoja akidondoka, tunamlaza ubavu, tunalegeza kola, hatumtii kitu mdomoni, na kabla hujamaliza kuomba dua ameshafumbua macho anauliza nani kala andazi lake. Siku ile alikuwa na homa. Degedege lilimshika kwenye mistari, mbele ya bendera, na halikumwachia. Mwalimu wake alinipigia simu akasema neno moja la maana kuliko yote: "Mama Bibi, limepita dakika tano." Nilikuwa nimefundishwa kliniki kwamba likipita dakika tano halingojewi tena, linahitaji dawa. Nilimchukua kwa gari la kokoto. Kutoka shuleni mpaka kwenye geti hili ni dakika kumi na mbili.

Sista alitupokea mlangoni. Hakuuliza kadi, hakuuliza nimelipa nini. Aliuliza, "Ana kilo ngapi?"

"Ishirini na nne."

Daktari wa zamu, kijana ambaye kwa heshima simtaji lakini yupo hapa na ameinamisha kichwa, alisema, "Sista, mpe tano. Ya paja, tusitafute mshipa."

Alisema sawa kabisa. Miligramu tano za midazolam, ile dawa ya kuzima degedege, kwenye nyama ya paja, kwa mtoto wa kilo zile. Na Sista akamjibu, "Taratibu, daktari. Si unaona alivyo mdogo? Tuanze na mbili, tuone."

Daktari akampisha. Mngetaka afanye nini? Huyu mama ndiye aliyemfundisha kushika bomba la sindano alipokuja hapa mwanafunzi, ndiye aliyemletea chai siku aliyompoteza mgonjwa wa kwanza. Utabishanaje na mama yako mbele ya wageni?

Zikaingia mbili. Tukasubiri. Mwili wa mwanangu ulikuwa unapiga kitanda kama mtu anayegonga mlango. Ikaingia moja. Tukasubiri. Moja tena. Tukasubiri, Sista akimfuta mate na kumwita jina. Moja ya mwisho. Mimi nilisimama ukutani nahesabu, maana nikiogopa huwa nahesabu, na hesabu ikatoka vizuri: mbili, moja, moja, moja. Tano. Kipimo kamili, hakuna kilichoibwa, hakuna kilichomwagika. Ila kati ya ile ya kwanza na ya mwisho zilikuwa zimepita dakika thelathini na moja, na mtoto bado anapiga kitanda.

Ndipo akapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Kule hospitali kubwa walimpa dawa nyingine, ya dripu, na degedege likaisha likiwa limezidi saa nzima.

Daktari wa kule, mama mrefu mwenye miwani, aliniuliza amepewa kiasi gani huku tulikotoka. Nikasema tano. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndicho kipimo chake." Kisha kama mtu aliyesahau kitu akageuka: "Zote kwa mara moja?"

"Hapana. Kwa mara nne."

Alivua miwani. Akaniuliza kazi yangu ni nini, nikamwambia. Akasema, "Mama, ukimwaga zege la nguzo, unamwaga karai moja, unakwenda kunywa chai, unarudi unamwaga lingine…"

Nikamwambia, "Daktari, usiendelee. Nguzo hiyo haisimami. Nimeelewa."

Lakini nilimwomba aendelee baadaye, maana nataka kujua kitu mpaka mwisho wake. Akanieleza kwamba ubongo una vilango ambavyo dawa hiyo hupitia, na kadiri degedege linavyokaa, vilango hivyo vinajifunga kimoja baada ya kingine. Dozi nzima inayokuja mapema inavikuta vingi viko wazi. Nusu inavikuta wazi pia, lakini haina nguvu ya kulizima degedege. Na nusu ya pili inapofika, milango imefungwa. Nikamuuliza lile swali ambalo kila mzazi hapa angeuliza: "Na ikimzidi nguvu, akaacha kupumua?" Akasema jambo hilo hutokea, ndiyo maana mtu husimama na mfuko wa kupumulia na oksijeni, macho kwenye kifua. Lakini degedege lililoachwa liendelee huzima pumzi za watu mara nyingi zaidi kuliko dawa iliyotolewa kwa kipimo chake. Nikauliza tena, kama zingeingia zote tano mara ileile, Bibi angerudi mzima? Akasema, "Sitakudanganya. Hakuna anayeweza kukuapia. Ila angekuwa na nafasi yake."

Ndugu zangu, hicho ndicho ninachokidai. Sidai muujiza, nadai nafasi.

Nilirudi hapa baada ya mwezi mmoja, na viatu vya kazi, saruji bado mbichi kwenye soli. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kama matofali. Nilimkuta Sista anakunja mashuka.

"Sista, mtoto wangu ulimpa nusu."

"Nilimpa tano, mwanangu. Kwa jumla."

"Jumla ni ya muuza duka. Mtoto aliihitaji kwa pamoja."

Akaendelea kukunja shuka lilelile ambalo tayari lilikuwa limekunjwa. "Nilimwonea huruma."

"Najua. Ndiyo maana nashindwa hata kukutukana."

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Nikayatua matofali yangu. Kisha akauliza, "Anaendeleaje?" Nikamwambia anatembea, anacheka, ananijua, ila akitaka maji anasema nipe kile, akitaka viatu anasema nipe vile, na asipoeleweka analia kwa hasira mpaka anatapika. Sista hakusema pole. Aliuliza, "Jumapili mchana mnakuwapo?"

Alikuja Jumapili hiyo, na hajakosa Jumapili hata moja tangu hapo. Anakuja na mfuko wa kitambaa umejaa vitu vya nyumbani kwake: kifungo, kitana, kufuli, kijiko, limau. Anakaa na Bibi kwenye mkeka. Mtoto anatia mkono, anatoa kitu, wanakitazama wote wawili, hakuna anayemharakisha mwenzake. Kaka yake Bibi, mwenye mdomo usio na breki, alimwambia siku moja, "Bibi, sema kitana nikupe zamu ya baiskeli."

Bibi akakigeuzageuza, jasho linamtoka, mwishowe akamtazama: "Ni kile cha kuchania hicho kichwa chako kibovu."

Tulicheka mpaka tukaegemea ukuta. Jina halikuja, lakini utani ulikuja, na mimi nikajua mwanangu yumo ndani, anatafuta njia tu. Siku ya Jumapili nyingine, ghafla, bila kuulizwa, akasema, "Kifungo." Sista akapiga kigelegele peke yake, akamwamsha baba watoto wangu aliyekuwa amesinzia kwenye kiti, naye akaruka akidhani tumepata harusi.

Ni kwenye kibaraza changu, baada ya kigelegele hicho, aliponieleza. Amenipa ruhusa niseme. Mwaka wake wa kwanza kazini, katika chumba ambacho hakikuwa na mfuko wa kupumulia wala oksijeni, mtoto mwenye degedege alipewa dozi nzima, degedege likaisha, na pumzi ikaisha nayo. Mkubwa wake wa zamu alimpulizia mtoto mdomo kwa mdomo mpaka mwenyewe akaishiwa nguvu, na mtoto hakurudi. "Tangu siku hiyo," aliniambia, "mkono wangu ukishika bomba la dawa ile unasimama wenyewe katikati." Miaka ikapita, chumba kikapata mfuko, kikapata oksijeni, kikapata mashine ya kupima hewa kwenye kidole. Chumba kilibadilika, mkono haukubadilika. Na kwa kuwa ulikuwa mkono mpole na unaopendwa, kila muuguzi aliyepita chini yake aliuiga, na mkaupa na jina zuri: dozi ya huruma. Msijifanye hamlijui. Nimewasikia korido nzima mkilisema. "Umempa ngapi?" "Ya huruma."

Nitawauliza wauguzi, na sitaki mnijibu kwa midomo: ni wangapi kati yenu mkono unasimama katikati, na hamjui ni kwa nini, kwa kuwa hofu yenyewe hamkuipata ninyi, mlirithishwa?

Sikuja kuwatukana. Ningekuwa mahali penu, nami ningeiga. Mtu akikufundisha kazi kwa upendo, kumpinga ni kama kumtemea mate. Lakini sikilizeni alichoniambia aliponiomba nisimame leo.

Nilimwambia, "Nitasema nini, Sista? Nikuaibishe mbele ya wajukuu?"

Akasema, "Aibu ni yangu, nimeshaizoea. Nikisema mimi, watasema Sista wetu ni mnyenyekevu mno, watanipigia makofi, na Jumatatu mkono utasimama palepale. Wewe wanakuogopa kidogo. Sema wewe."

Mnaona? Huyu ndiye mnayemuaga. Wapo wakubwa wengi wanaostaafu na kutuachia makosa yao tuyatunze kama urithi. Yeye anaondoka na la kwake mkononi, anaomba mlango ufungwe nyuma yake. Kumheshimu kwa maua ni kuzuri, na maua haya yamependeza. Kumheshimu zaidi ni kumtii katika hili la mwisho.

Sista wangu, mbele ya watu wote: sikukuchukia. Nilijaribu, nikashindwa, na mimi si mtu wa kushindwa ovyo. Ulimpa mwanangu nusu ya dawa, kisha ukampa Jumapili zako zote nzimanzima. Nyumbani kwangu hupigi hodi. Mume wako namwomba radhi kwa chakula cha mchana anachokula peke yake Jumapili. Na yeye aje, mkeka ni mpana. Pumzika, mama. Umetulea.

Sasa namrudia Daktari Mkuu, kama nilivyoahidi.

Nimekuja ofisini kwako mara tatu kwa jambo moja. Naomba kwenye ukuta wa chumba cha dharura, juu ya kitanda cha kwanza, pachorwe ubao mkubwa: uzito wa mgonjwa upande huu, dozi yake nzima upande huu, na chini yake maneno kwamba inatolewa yote kwa mara moja, degedege likizidi dakika tano, na kama halikukoma, ni baada ya dakika ngapi irudiwe, na ni dawa gani inafuata, bila watu kutazamana. Naomba mfuko wa kupumulia uning'inie hapohapo, usifungiwe kabatini. Na naomba itangazwe kwa mdomo wako kwamba muuguzi yeyote, hata aliyeanza kazi jana, akisema "nzima" mbele ya mkubwa wake hajakosa adabu. Vipimo wavitoe wenye taaluma. Mchoraji ninaye, rangi ninayo, na ukuta nitaulainisha mwenyewe.

Mara ya kwanza uliniambia linashughulikiwa. Mara ya pili, liko kwenye kamati. Mara ya tatu uliniagizia soda. Soda nilikunywa, ilikuwa baridi, nashukuru. Jibu sikupata.

Wala sidhani wewe ni mtu mbaya. Nadhani unaogopa kuonekana umemkosoa Sista akiwa bado hajaondoka. Basi hofu hiyo imekwisha, umeyasikia maneno yake, na mwenyewe anatikisa kichwa pale kwamba ndiyo. Kumebaki nini?

Binti yangu bado ana kifafa. Anameza vidonge vyake, anakua, sasa ana kilo ishirini na saba, na katika vitu kumi anakosa majina ya vitatu au vinne. Hayo aliyonayo aliyatafuta moja moja, na degedege refu likimshika tena, sijui atabaki na mangapi. Shule yake ni ileile. Hospitali iliyo karibu ni hii, na nyingine ni mbali mno kwa ubongo wa mtoto. Siwezi kumhamishia kwenye chumba kingine cha dharura, sina kingine. Na si yeye peke yake: kliniki yenu ya kifafa inajaa kila wiki, na watoto wote wale, siku mbaya ikifika, wataingizwa kwa mlango uleule, walazwe kwenye kitanda kilekile, na mtu ashike bomba juu yao.

Ndugu wageni, mmenipa masikio yenu hata nilipozidisha dakika za mshereheshaji. Mungu awajalie, nimewashukuru sana. Kwako, Daktari Mkuu, shukrani yangu inangoja kitu kimoja. Leo ni Jumatano. Jumatatu Sista hayupo. Mtoto wangu akiletwa hapa Jumatatu, degedege limepita dakika tano, atapewa dozi nzima kwa mara moja, ndiyo au hapana? Usinijibu "linashughulikiwa", wala usiniagizie soda. Ijumaa, saa sita mchana, nitakuwa nimesimama mlangoni pa ofisi yako. Nataka neno moja, kutoka kinywani mwako, kabla saa hiyo haijapita.